Tevin Asicheze

Chuoni, Kakamega
12 Januari 2025

Kwako dada Phoebe,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama mnaruhusiwa kuvaa sweta juu ya hayo mavazi meupe. Kukhu goti limemtulia, sasa nyanya yetu anaenda kanisani kwa miguu yake na anarudi akilalamika kwamba kwaya ya siku hizi inaimba kama inagombana. Ng'ombe alizaa juzi. Ni ndama dume, kwa hiyo Mama hakumsifu sana.

Umesema mwaka huu wote wa kujifunza utawa ninyi wanovisi hamshiki simu, na kwamba barua mnapewa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Basi nimeandika mapema.

Habari kubwa ni ya timu. Mimi ndiye nahodha mwaka huu wangu wa mwisho. Ligi ya vyuo inaanza Jumamosi tarehe 15 Machi, na tumeshaanza mazoezi. Msimu uliopita tulishika mkia, wewe unajua. Msimamizi wa wanafunzi alituita akatuambia bila kuzunguka: mkishika mkia tena, timu ya mpira ya wanaume inavunjwa, uwanja wanapewa watu wa raga. Tulipotoka Kocha Wanyama alitukimbiza mpaka wengine wakatapika uji.

Na sasa furahi. Mdogo wetu Tevin amechukuliwa timuni! Mwaka wa kwanza, miezi minne tu chuoni, na kocha amemweka mshambuliaji wa kati. Mpira ukiwa juu ni wake, mabeki wanabaki kuangalia. Mama amewaambia watu wote wa soko la Khwisero.

Tuombee.
Ndugu yako,
Andati


Nyumba ya Unovisi, Kiambu
2 Februari 2025

Mpendwa Andati,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa jikoni mpaka sufuria ya maharagwe ikashika chini. Mwambie Mama sweta tunavaa. Mwambie Kukhu asiache kwenda kanisani kwa sababu ya kwaya.

Mimi ni mzima. Tunalima, tunafua, tunasali, tunanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mlezi wetu ni Sista Chelimo, mtu wa Nandi, mpole, lakini macho yake hayakosi kitu. Ameshaniita mara mbili. Anasema mwili wangu uko hapa na moyo bado uko Khwisero, na kwamba mwaka huu ni wa kujifunza kuachilia. Nimemwahidi nitajitahidi.

Kwa Tevin nimefurahi mno. Mama alipoenda kukata miwa Shianda mimi ndiye nilikuwa nambeba mgongoni, na hata wakati ule alikuwa anarusha miguu. Mwangalie, Andati. Ana miaka kumi na tisa na haogopi kitu, na mtu asiyeogopa anahitaji wa kumwogopea.

Nawaombea wote.
Dada yako,
Phoebe


Chuoni, Kakamega
16 Februari 2025

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Mama yuko sawa, ameanza kutayarisha shamba akingoja mvua. Kukhu yuko sawa. Ndama anakua. Kaburi la Baba tumelipalilia na tumepaka saruji rangi upya. Kanisa limepata mwinjilisti mpya kutoka Kabras, watu wanampenda.

Mazoezi yanaendelea. Tarehe 8 Machi tuna mechi ya kirafiki, ya mwisho kabla ya ligi.

Kuna jambo dogo nataka kukuuliza kwa kuwa ulikuwa muuguzi. Mchezaji wetu mmoja aligongana vichwa na beki siku ya Jumanne. Kocha alikuwa kwenye mkutano, mimi ndiye nilikuwa nasimamia mazoezi. Alianguka, akakaa kimya kama dakika nzima, kisha akaamka na kuuliza mechi ni ngapi ngapi, na haikuwa mechi. Baadaye alitapika. Sasa anasema yuko sawa, ila mwangaza unamuumiza macho na kichwa kinamgonga akiinama. Darasani anasahau vitu. Ameniomba nisimwambie kocha.

Je, hicho ni kitu cha kupita chenyewe? Siku ngapi? Anaweza kucheza tarehe 8 akipumzika kidogo?

Jina sitalitaja, hulijui.

Andati


Nyumba ya Unovisi, Kiambu
2 Machi 2025

Andati,

Mama asalimiwe, Kukhu asalimiwe. Nimepewa barua yako leo baada ya misa na ninajibu leo hii hii.

Asicheze. Asicheze tarehe 8, asicheze tarehe 15, asiguse mpira mpaka daktari amwone na apigwe picha ya kichwa. Ubongo wake umetikisika. Anaweza kuonekana mzima kabisa, acheke, ale, akimbie. Lakini akigongwa tena kabla hajapona, hata kidogo tu, anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu. Nimewahi kumpokea kijana wa hivyo zahanati, aliletwa na pikipiki kutoka mechi ya kijiji. Sitaki kukuandikia jinsi ilivyoisha.

Mwambie kocha. Akikasirika huyo mchezaji, mwache akasirike.

Na sasa nisikilize. Umenipa habari za Mama, za Kukhu, za ndama, za kaburi, hata za mwinjilisti nisiyemjua. Za Tevin hukuandika hata neno moja. Barua iliyopita nusu ilikuwa Tevin.

Kama ni Tevin, Andati, Tevin asicheze.

Barua zetu hupelekwa posta Alhamisi. Naomba ikufikie kwa wakati.

Phoebe


Eldoret
20 Machi 2025

Dada,

Sijui nianze na salamu gani. Mama yuko hai, Kukhu yuko hai, na Tevin yuko hai. Hilo la mwisho ndilo ulikuwa unataka kusoma kwanza.

Barua yako niliipata tarehe 13. Tulikuwa tumeshacheza.

Mama alikataa tupige simu kwenu. Alisema, "Phoebe ndio anaanza. Akisikia hii ataacha kila kitu aje, na Mungu ataniuliza." Naandika bila yeye kujua, nimekaa kwenye benchi la hospitali. Yeye yuko ndani anamlisha uji.

Nitakueleza yote. Siku ile alipogongana na George, yule beki, Tevin mwenyewe ndiye aliniomba. Nilimkuta amekaa bwenini pazia limefungwa. Aliniambia, "Bro, usimwambie kocha. Akijua ataniweka benchi msimu mzima. Ninyamazie tu." Nikamwambia sawa. Nilimwonea huruma, ni kweli. Lakini pia nilihesabu tulio nao, nikaona bila yeye hatuna mtu wa mbele, na nikaona uwanja umepewa watu wa raga. Nilifikiria hayo pia. Siwezi kukuambia nilifikiria lipi kwanza.

Kabla ya mechi Kocha Wanyama alituketisha akauliza, kama anavyoulizanga siku zote: "Kuna mtu ana shida? Mguu, tumbo, kichwa, chochote? Aseme sasa, hakuna mtu atamcheka." Tevin aliniangalia. Mimi niliinama kufunga viatu, na viatu vilikuwa vimefungwa.

Kipindi cha kwanza alifunga moja, kwa mguu. Kipindi cha pili kona ilipigwa, akaruka, bega la kipa likampata sikioni. Halikuwa pigo kubwa, hata refa hakupuliza filimbi. Tevin alisimama, akatembea hatua kama nne akielekea goli letu, kwa upande usio wake. Kisha akakaa chini polepole, kama mtu anayekaa kwenye kiti. Nilipomfikia jicho moja lilikuwa limepanuka na lingine limebaki dogo.

Kutoka Kakamega walituleta hapa. Wamemfungua fuvu na kutoa damu. Mkono wa kulia hauinuki, na mguu wa upande huo anauburuta. Maneno yanamtoka moja moja. Jana aliniita jina la Baba.

Daktari aliuliza kama alikuwa ameumia kichwa siku za karibuni. Mama akajibu haraka, "La, mtoto wangu alikuwa mzima." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Andati


Nyumba ya Unovisi, Kiambu
6 Aprili 2025

Ndugu yangu,

Nimesoma. Nililia mpaka wenzangu wakatolewa nje ya chumba. Mwambie Tevin, hata kama haelewi yote, kwamba dada yake anamtaja kila saa.

Kuna jambo ni lazima nikuandikie, na kama sitaliandika leo sitaliandika tena.

Barua yako ilinifikia tarehe 2. Mechi ilikuwa tarehe 8. Nilikuwa na siku sita. Simu ipo hapa, ofisini kwa Sista Chelimo, na mtu akiwa na sababu nzito anaruhusiwa. Jioni ile ile nilienda mpaka mlangoni kwake. Niliuona mwanga chini ya mlango, nikamsikia akikohoa. Niliinua mkono nibishe.

Sikubisha. Nilijiambia ataniita kwa mara ya tatu, ataandika kwamba siwezi kuachilia nyumbani, na watanirudisha. Nilijiambia barua itafika. Nilijiambia pengine si Tevin, na hapo nilikuwa nimeshaandika jina lake kwa mkono wangu. Jumatatu nikapita mlango ule nikienda kufua, Jumanne nikapita nikienda bustanini. Jumamosi nilipalilia sukuma wiki asubuhi yote, na mpira ulipokuwa unachezwa mimi nilikuwa nimeinama pale, nikijisifu kwamba nimejifunza kutii.

Kwa hiyo usinione kama mtu aliyekuonya ukakataa kusikia. Nilikuwa na nafasi kama uliyokuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo na elimu juu yake.

Nani mwingine anajua kwamba ulijua? Mama anajua? Kocha je? Mwambie Mama wewe mwenyewe, Andati, kabla hajaambiwa na mtu.

Phoebe


Nyumba ya Unovisi, Kiambu
4 Mei 2025

Andati,

Salamu kwa wote.

Leo barua ziligawiwa na yangu haikuwepo. Nilibaki nimekaa hata baada ya kikapu cha barua kuondolewa.

Kama umekasirika na mimi, niandikie umekasirika. Kama Tevin amezidiwa, niandikie hilo. Usiniache hivi.

Phoebe


Khwisero
18 Mei 2025

Dada Phoebe,

Nisamehe kwa kimya. Sikukasirika. Nilikuwa na uongo mdomoni na sikutaka kuuweka kwenye karatasi pia.

Tevin yuko nyumbani tangu Pasaka. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi kwa mlango wa jikoni. Anakula ugali vizuri, Kukhu anamkatia obusuma huo vipande vidogo ili atumie mkono wa kushoto. Maneno yanarudi. Lakini mimi nikija nikitaka kumshika asianguke, anausukuma mkono wangu. Nikimletea maji hayanywi mpaka mtu mwingine ayachukue kwangu na kumpa.

Mwezi wa nne kamati ya michezo ya chuo ilituita. Walikuwa wamesikia uvumi, wakatuuliza mmoja mmoja: mlijua kwamba huyu mwenzenu aliumia tarehe 11 Februari? George alisema hakuona kitu kikubwa. Wengine wakasema hawakumbuki. Mimi, nahodha, nilisema, "Hatukujua." Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, dada. Wiki iliyofuata Kocha Wanyama akasimamishwa kazi kwa kutowaangalia wachezaji wake. Alikuja uwanjani kuchukua filimbi na koti lake, akatusalimia kwa mkono, kila mtu, na kwangu akasema, "Pole sana kwa mdogo wako. Ningejua." Hakumaliza.

Ligi iliendelea bila kocha, na mimi nilikuwa nikicheza. Ndio, nilicheza.

Wiki mbili zilizopita nilikuja nyumbani nikamkuta Tevin amekaa juani peke yake. Nikamwambia, "Tevin, kama una neno na mimi, sema." Nilifikiri atalia. Aliniangalia muda mrefu, akitafuta maneno. Akasema, "Nilikuambia nyamaza. Ukanyamaza." Nikasema ndio, uliniomba. Akatikisa kichwa, akaanza tena. "Mimi nilikuwa naomba tu. Wewe ndiye mkubwa."

Sijaambiwa neno jingine likaingia hivyo.

Jumatatu nilirudi chuoni nikaenda kwa kamati bila kuitwa. Niliwaambia nilijua, na kwamba niliulizwa na kocha mbele ya timu nzima nikainama. Niliandika na kutia sahihi. Kocha amerudishwa. Mimi nimetolewa kwenye timu, na kama nitahitimu mwaka huu bado wanajadili. George na wengine hawanisalimii, kwa kuwa nikisema nilijua nimesema na wao walijua.

Kisha nilikuja kwa Mama. Alikuwa anachambua mboga ya mrenda. Nilimweleza kuanzia mwanzo. Hakuniangalia. Majani yalipoisha alianza kuyachambua yale mabua matupu. Mwishowe akauliza, "Na hukumwuliza mtu? Hukumwuliza hata Phoebe?"

Nisamehe, dada. Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamwambia nilikuuliza, na ulijibu, na barua ilichelewa. Akauliza, "Yeye alipata lini?" Nikamwambia tarehe 2.

Akaweka sinia chini. Akasema, "Watoto wangu wawili walijua. Mimi niliyemzaa nikamwambia daktari alikuwa mzima."

Hajaongea na mimi tangu siku hiyo. Ananipakulia chakula, lakini haongei.

Andati


Nyumba ya Unovisi, Kiambu
1 Juni 2025

Ndugu yangu,

Ulifanya vizuri kumwambia Mama. Nilipofika pale uliponitaja kwake nilitaka kukukasirikia, nikashindwa.

Leo baada ya kusoma sikwenda kulia. Nilikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Sista Chelimo nikabisha. Nilimpa barua zako zote, nikamweleza nilivyosimama pale jioni ya tarehe 2 Machi. Nilingoja aniambie nilikuwa mtiifu, au aniambie nifunge mizigo. Alisoma zote akiwa amevua miwani na kuzishika karibu na uso. Kisha akasema, "Phoebe, ulifikiri mimi ni mtu wa namna gani?"

Swali hilo ndilo linaloniuma sasa. Nilimfanya awe mtu mkali kuliko alivyo, ili nipate sababu ya kutobisha.

Alinipa simu palepale. Nilimpigia Mama. Ilikuwa dakika mbili. Nilisema, "Mama, ni Phoebe, nilijua." Nikasikia kuku. Akasema, "Uje," akakata.

Nimeruhusiwa siku kumi na nne. Nitafika Jumamosi tarehe 28. Na kuanzia leo barua zako nitapewa siku zinapofika.

Usiniulize kama nitarudi huku baada ya hizo siku. Sista Chelimo pia nimemwomba asiniulize.

Mwambie Tevin nakuja. Umwambie wewe, si mtu mwingine.

Phoebe


Khwisero
17 Juni 2025

Dada mpendwa,

Mvua ni nyingi. Mahindi yamefika kiunoni. Kukhu anakohoa kidogo lakini anakataa dawa. Mama amefua mashuka ya kitanda chako na jana aliniambia, "Chimba choo kile vizuri, Phoebe anakuja." Ni maneno ya kwanza tangu mwezi wa tano. Nilichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Ligi imekwisha. Chuo chetu kilimaliza nafasi ya tatu kutoka chini, timu haijavunjwa. Nilisikia matokeo kwa redio ya jirani nikiwa shambani. Kocha Wanyama alikuja kumwona Tevin Jumapili. Walikaa nje wawili, sikusogea. Alipokuwa anaondoka alinipa mkono, akaniambia msimu ujao hakuna mchezaji atakayeingia uwanjani bila kupimwa na muuguzi. Nikasema ni vizuri. Hakusema amenisamehe na mimi sikumwomba.

Nilimwambia Tevin kama ulivyoniagiza. Nilisimama mbali kidogo ili asinisukume. Nikasema, "Phoebe anakuja tarehe 28." Akarudia, "Phoebe." Akapeleka mkono wa kushoto kidevuni. Tangu hospitali hajanyoa, na ndevu zake unazijua, zinaota kwa mafungu kama nyasi za uwanja mbovu.

Akasema, "Ataona mzee."

Nikamwuliza kama nimwite kinyozi wa sokoni. Akakataa. Nikamletea beseni, sabuni na wembe, nikaviweka kwenye kiti na kurudi nyuma. Alianza mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole. Alijikata karibu na sikio, akasimama, akaanza tena. Kioo kidogo kile cha Mama kilikuwa kinateleza kila mara kwenye mapaja yake. Kilianguka mara mbili. Mara ya tatu hakukiokota. Alikaa amekitazama pale chini, povu limemkauka shavuni, kisha akaniita bila kuinua uso.

"Andati. Shika kioo."

Nilipiga magoti mbele yake nikakishika mpaka akamaliza.

Tunakungoja,
Andati